Mzee ana moyo dhaifu na saratani ya pafu: apasuliwe au asipasuliwe?

SWALI: Baba yangu ana miaka 64, anaishi Morogoro. Amekutwa na uvimbe wa sentimita 2.4 juu ya pafu la kulia, na kinyama kilichopelekwa maabara kimeonyesha saratani. Miaka miwili sasa ana tatizo la moyo kushindwa kufanya kazi. Eko (altrasaundi ya moyo) ya mwezi uliopita imeandika EF asilimia 25. Akienda msikitini, kama mita mia mbili, anasimama mara mbili kupumzika. Anatumia Lasix (ya kutoa maji kwa mkojo), enalapril na carvedilol, na magoti yakimsumbua anameza diclofenac ya dukani. Hospitali moja imesema moyo huu hauwezi upasuaji kabisa. Nyingine imesema wanaweza kumpasua wiki ijayo. Tumsikilize nani?

JIBU: Dada, poleni kwa kuuguza. Kwa maelezo haya, mzee asiingie thieta wiki ijayo. Lakini lile neno "kabisa" la hospitali ya kwanza nalo limetamkwa mapema mno. Mtu mwenye EF 25 anayesimama mara mbili ndani ya mita mia mbili, huku akimeza diclofenac, ni mgonjwa ambaye moyo wake haujatibiwa mpaka mwisho. Kumpima leo na kumhukumu leo ni kama kupima uzito wa shuka iliyolowa. Ianikwe kwanza.

Tuanze na hiyo namba, maana ndiyo iliyowatisha. EF ni sehemu ya damu iliyomo kwenye ventrikali ya kushoto inayosukumwa nje kwa kila pigo. Kwa mtu mwenye afya huwa kati ya asilimia 55 na 70. Ikifika 40 au chini yake, daktari anasema moyo umepungukiwa nguvu ya kusukuma. Kwa hiyo 25 ni ndogo kweli. Ila wapo wenye EF 25 wanaopanda ghorofa mbili wakizungumza, na wapo wenye EF hiyohiyo wasiolala bila mito mitatu. Wa kwanza anaweza kuvuka upasuaji wa kiasi. Wa pili hata kung'oa jino kunataka mashauriano. Tofauti yao haimo kwenye EF. Imo kwenye maji yaliyojaa mwilini, kwenye uwezo wa mwili kufanya kazi, na kwenye upande wa kulia wa moyo.

Upande huo wa kulia ndio unaosahauliwa, na ndio unaoamua mambo kwenye upasuaji wa pafu. Ventrikali ya kulia kazi yake ni kupeleka damu mapafuni. Ni nyembamba, imezoea kusukuma kwa shinikizo dogo. Daktari akifunga ateri ya sehemu ya pafu, damu yote iliyokuwa ikipita huko inahamia kwenye njia zilizobaki. Moyo mzima unalimudu hilo bila shida. Moyo ambao upande wake wa kushoto umeshindwa tayari umerudisha shinikizo nyuma mapafuni kwa miezi au miaka, kwa hiyo ventrikali ya kulia imeanza kuchoka kabla kisu hakijagusa ngozi. Ndiyo maana upasuaji wa nyonga na upasuaji wa pafu kwa mgonjwa mmoja si hatari ileile.

Itoeni ile ripoti ya eko muisome upya. Tafuteni neno TAPSE: chini ya milimita 17 maana yake ventrikali ya kulia imedhoofika. Tafuteni pia makadirio ya shinikizo la mishipa ya mapafu, mara nyingi limeandikwa PASP au RVSP. Kama TAPSE ni ndogo na shinikizo liko juu, eko irudiwe baada ya maji kupunguzwa, na ikibaki vilevile apimwe kwa mrija unaoingizwa moyoni upande wa kulia, kipimo kinachofanyika penye kathlabu, yaani chumba cha kupimia moyo kwa mirija, kama Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete (JKCI) pale Dar es Salaam. Wengi shinikizo hushuka sana maji yakitoka. Likikataa kushuka, mazungumzo ya kisu yanaishia hapo na yanaanza ya mionzi, ambayo nitayafikia.

Jambo jingine ambalo hujalitaja: kwa nini moyo wa mzee umeshindwa? Afrika jibu la kwanza mara nyingi ni presha. Utafiti wa THESUS-HF, uliochapishwa mwaka 2012 kutoka nchi tisa za Afrika, ulikuta presha ndiyo chanzo kwa karibu nusu ya wagonjwa waliolazwa kwa moyo kushindwa. Lakini kama ni vali ya mitrali iliyobana kutokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni, hakuna kidonge kitakachoifungua. Inapanuliwa kwa puto kwanza, na pafu linasubiri. Kama ni kifuko cha moyo kilichokakamaa baada ya TB, hali ni tofauti tena. Na kama ni mishipa ya moyo iliyoziba, msikimbilie stenti, kile kibomba cha kuutanua mshipa, kwa lengo la "kuusafisha moyo kabla ya upasuaji". Jaribio la CARP la mwaka 2004, lililofanywa kwa wagonjwa wa upasuaji wa mishipa ya damu, halikuonyesha faida ya kuzibua mishipa ya moyo kwanza kwa asiye na dalili kali. Na stenti ikishawekwa, mgonjwa anafungwa na dawa mbili za kuzuia damu isigande kwa miezi. Akipasuliwa huku akizimeza atavuja damu. Akiziacha, stenti inaweza kuziba ghafla mezani.

Wiki nne hadi sita za kuuandaa moyo

Kwa moyo uliogunduliwa karibuni au uliolegea hivi, miongozo ya moyo hupenda upasuaji usio wa dharura usubiri miezi mitatu. Saratani haina subira hiyo. Kwa uvimbe wa sentimita 2.4 ambao haujasambaa, wiki nne hadi sita za kazi ya kweli ni maelewano ya haki kati ya magonjwa hayo mawili. Nasema kazi ya kweli kwa sababu kusubiri tu tarehe ya kliniki hakubadilishi kitu.

Diclofenac iachwe leo. Dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofen, hupunguza damu inayofika kwenye figo. Figo nazo hushika chumvi na maji, Lasix inakosa nguvu, na zikichanganywa na enalapril zinaweza kuziangusha figo kabisa. Nisingeshangaa kama nusu ya pumzi anayokosa mzee inatokana na vidonge hivyo vya magoti. Kwa maumivu atumie paracetamol gramu 1, isizidi mara tatu kwa siku.

Kisha maji. Mzee apimwe uzito kila asubuhi, baada ya kukojoa na kabla ya chai, akiwa na nguo zilezile, na namba iandikwe kwenye daftari. Daktari akiongeza Lasix, uzito ushuke taratibu mpaka miguu isiwe na shimo ukiibonyeza, mishipa ya shingo isijae, na alale kwa mto mmoja. Uzito wa siku hiyo ndio uzito wake mkavu. Uandikwe kwa kalamu nyekundu, kwa sababu daktari wa usingizi na manesi wa wodi watauhitaji baadaye. Ukipanda kilo 2 ndani ya siku tatu, maji yanarudi, mpigieni daktari msisubiri miguu ivimbe. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na iliyomo kwenye dagaa, chipsi na vile vidonge vya kuungia mchuzi.

Dawa za moyo wenye EF ndogo zina nguzo nne, na mzee ana mbili. Enalapril huanza miligramu 2.5 mara mbili kwa siku na lengo ni 10 hadi 20 mara mbili. Carvedilol huanza 3.125 mara mbili, ikiongezwa maradufu kila wiki mbili kuelekea 25 mara mbili. Angalieni pakiti zake: wagonjwa wengi huachwa kwenye dozi ya kuanzia kwa miaka, na hiyo si tiba kamili. Nguzo ya tatu ni spironolactone miligramu 25, inayodai potasiamu na creatinine (kipimo cha figo) zipimwe baada ya wiki moja na tena baada ya nne. Potasiamu ikipita 5.5 isimamishwe. Ya nne ni dapagliflozin au empagliflozin, miligramu 10 kwa siku, hata kwa asiye na kisukari. Jaribio la STRONG-HF la mwaka 2022 lilionyesha kwamba kupandisha dozi haraka, ndani ya wiki mbili baada ya kutoka wodini, mgonjwa akionwa kila mara, kunapunguza jumla ya vifo na kulazwa tena kwa moyo. Kwa hiyo wiki sita zinatosha kubadilisha mengi. Lakini beta-bloka kama carvedilol ipandishwe mgonjwa akiwa mkavu, si akiwa amejaa maji, maana hapo itamzidishia.

Kama mzee ana kikohozi kikavu, mwambieni daktari, kwa kuwa enalapril yenyewe hukohoza na kwa mgonjwa wa pafu kikohozi hicho husingiziwa saratani. Akibadilishiwa kwenda sacubitril/valsartan, saa 36 zipite tangu kidonge cha mwisho cha enalapril, la sivyo uso na koo vinaweza kuvimba.

Ferritin, kipimo cha akiba ya chuma mwilini, ipimwe. Ikiwa chini ya 100, ana upungufu wa madini ya chuma hata kama damu haijashuka, na chuma cha drip hufanya kazi kuliko vidonge. Kama anavuta sigara, aache sasa. Na kama ECG yake ina QRS pana (QRS ni wimbi la umeme wa ventrikali), milisekunde 150 au zaidi kwa mtindo wa tawi la kushoto lililoziba, muulizeni daktari wa moyo kuhusu kifaa cha kuoanisha mapigo; kwa baadhi ya wagonjwa kinapandisha EF kuliko dawa.

Wakati moyo unaandaliwa, pafu lipimwe sawasawa

Hapa kuna mtego ambao si kila daktari wa saratani anaukumbuka. Moyo ukijaa, tezi zilizo katikati ya kifua nazo huvimba kwa maji. Kwenye CT scan zinaonekana kama tezi zenye saratani, na mgonjwa wa hatua ya kwanza anaandikwa hatua ya tatu. Kwa hiyo tezi kubwa kwa mgonjwa wa moyo haihesabiwi kuwa saratani mpaka ichomwe sindano, kwa bomba la kupita njia ya hewa lenye altrasaundi, au skani irudiwe akiwa mkavu. Kinyume chake pia kipo, ingawa kwa mzee kimeshaondolewa na kipimo cha kinyama: maji yakikusanyika kwenye mkunjo wa pafu hutengeneza "uvimbe" wa mviringo kwenye eksirei ambao hutoweka baada ya Lasix. Msomaji mwingine mwenye moyo dhaifu aliyeambiwa ana uvimbe kwa eksirei pekee alikumbuke hilo.

PET-CT, skani inayotafuta saratani mwili mzima, ikiwezekana ifanyike, Nairobi inapatikana. Hakuna sababu ya kumwingiza mtu mwenye EF 25 kwenye hatari ya upasuaji ili kugundua baadaye kwamba saratani ilishafika kwenye ini au ubongo.

Halafu uwezo wa pumzi. Vipimo viwili: FEV1, yaani hewa inayotolewa kwa nguvu ndani ya sekunde moja, na DLCO, yaani pafu linavyopitisha gesi kwenda kwenye damu. Vifanyike akiwa mkavu, kwa sababu maji ya moyo huvishusha vyote viwili. Hesabu ya kitakachobaki ni rahisi, mnaweza kuifanya wenyewe. Mapafu yana segimenti 19: kulia 10, kushoto 9. Lobu ya juu ya kulia, ulipo uvimbe wa mzee, ina 3. Kama FEV1 yake ni asilimia 70 ya inayotarajiwa, basi 70 mara 16 gawanya kwa 19 ni kama 59. Wakiondoa pafu lote la kulia, ni 70 mara 9 gawanya kwa 19, karibu 33. Vipimo vyote viwili vikibaki juu ya 60, hatari upande wa pafu ni ndogo. Kati ya 30 na 60 inabidi apimwe anavyohimili mazoezi. Chini ya 30, tahadhari kubwa.

Kwa mgonjwa wa moyo mimi nisingeridhika na hesabu hiyo peke yake hata ingetoka 65. Kipimo kinachounganisha moyo na pafu ni baiskeli yenye barakoa inayopima oksijeni mwili unayotumia. Zaidi ya mililita 20 kwa kilo kwa dakika, endelea. Chini ya 10, usipasue. Katikati ndipo kwenye maamuzi, na kumbukeni kwamba madaktari wa moyo huanza kufikiria kupandikiza moyo mwingine pale mgonjwa anayetumia beta-bloka anapofikia 12 kushuka chini. Baiskeli hizo ni chache Afrika Mashariki. Mbadala ni kutembea kwa kufuata mlio kati ya koni mbili kwenye njia ya mita 10. Asiyefika mita 400 anahitaji uchunguzi zaidi. Kupanda ngazi hutumika pia, mpaka wake ni mita 22 kwenda juu, lakini mzee asijaribiwe ngazi nyumbani. Hilo ni jaribio la hospitalini, oksijeni ikiwa karibu.

Kisu kipi, au mionzi

Kuondoa pafu zima kwa mzee huyu: hapana, hata moyo ukiimarika. Kuondoa lobu ndiyo tiba ya kawaida ya uvimbe kama wake. Kuondoa segimenti tu huacha pafu zaidi, na majaribio mawili makubwa, la Japani mwaka 2022 na lililoongozwa na Marekani mwaka 2023 (hili lilijumuisha pia kukata kipande kidogo kuliko segimenti), yameonyesha kwamba matokeo hayapungui ukilinganisha na lobu. Ila majaribio hayo yalihusu uvimbe usiozidi sentimita 2, na wa mzee ni 2.4. Kwa moyo wake ningelikubali pengo hilo, mradi daktari apate ukingo safi na achukue tezi. Ifanyike kwa matundu madogo badala ya kufungua mbavu, na gesi ya kaboni isipulizwe kifuani kwa shinikizo, kwa sababu inabana damu isirudi moyoni.

Sasa mionzi. Kwa uvimbe wa pembeni ya pafu usiozidi sentimita 5, bila tezi, kuna mionzi ya dozi kubwa inayolenga uvimbe tu, kwa vikao vitatu hadi vitano, bila usingizi na bila kulazwa. Katika jaribio la RTOG 0236 wagonjwa 55 ambao hawakufaa kupasuliwa walipewa jumla ya Gy 54 (Gy ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa vikao vitatu. Baada ya miaka mitatu uvimbe wenyewe ulikuwa umedhibitiwa kwa zaidi ya asilimia 97, na kama asilimia 56 ya wagonjwa walikuwa hai. Hao waliofariki wengi walikuwa na magonjwa mengine mazito, kama mzee. Kasoro yake: tezi hazichukuliwi, na uvimbe ulio ndani ya sentimita 2 kutoka kwenye njia kuu za hewa unahitaji vikao zaidi vya dozi ndogo, la sivyo njia hizo huungua. Ocean Road, taasisi ya saratani ya Dar es Salaam, waulizwe moja kwa moja kama wanatoa aina hii kwa pafu, maana si kila mashine ya mionzi inayofuatisha uvimbe unaosogea na pumzi; ng'ambo ya mpaka, hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta (KUTRRH) nje ya Nairobi ina CyberKnife, mashine ya mionzi ya aina hii. Miezi miwili hadi sita baada ya mionzi pafu linaweza kuvimba na kuleta kikohozi na pumzi fupi. Daktari asiyeijua historia ataiita moyo na kuongeza Lasix bure.

Maoni yangu waziwazi: baada ya wiki sita, kama mzee anafika msikitini bila kusimama, TAPSE iko salama, shinikizo la mapafu limeshuka na kipimo cha mazoezi kimepita 15 hivi, upasuaji mdogo una haki ya kujadiliwa. Kama bado anasimama njiani, mionzi ndiyo tiba yake, na asionekane kana kwamba amenyimwa kitu.

Ikiwa atapasuliwa

Empagliflozin au dapagliflozin isimamishwe siku 3 kabla, vinginevyo damu inaweza kujaa asidi huku sukari ikisoma kawaida na watu wakashindwa kujua kinachomwangusha. Enalapril wengi huiacha saa 24 kabla ili presha isiporomoke akilazwa usingizi. Carvedilol iendelee hadi asubuhi ya upasuaji kwa anayeitumia. Kwa asiyeitumia, isianzishwe siku hiyo. Jaribio la POISE la mwaka 2008, lenye wagonjwa zaidi ya 8,000, lilianzisha metoprolol, beta-bloka nyingine, saa chache kabla ya upasuaji: mishtuko ya moyo ilipungua, viharusi na vifo vikaongezeka. Warfarin inaachwa siku 5 kabla, kwa maelekezo ya daktari.

Kama ana kifaa cha kushtua moyo, fundi wake awepo. Kisu cha umeme hukidanganya kifaa kikadhani moyo unakimbia, kikamshtua mgonjwa katikati ya kazi. Sumaku ikiwekwa juu yake inazima mishtuko, lakini haibadilishi namna kinavyoendesha mapigo. Kwa pesimeka ya kawaida sumaku hufanya kinyume, inaifanya ipige bila kusikiliza. Kuvichanganya hivi viwili ni kosa la mara kwa mara. Na vibandiko vya kushtulia vya nje vibandikwe kabla ya kumfunika, kwani akishalazwa ubavu hakuna pa kuvipachika.

Kipimo cha presha ndani ya ateri kiwekwe akiwa macho. Dawa za usingizi ziingie polepole: kwa moyo huu damu inazunguka taratibu, dawa inachelewa kufika kwenye ubongo, na daktari mwenye haraka huongeza dozi ya pili, kisha zote mbili zinafika pamoja na presha inaanguka. Noradrenalini iwe tayari kwenye pampu. Presha ya wastani isishuke chini ya 65.

Kisha pafu la kulia linazimwa na mgonjwa anapumua kwa moja. Mishipa ya pafu lililozimwa hujikunja ili damu ihamie lililo hai. Ni kinga nzuri kwa oksijeni, lakini ni mzigo mwingine kwa ventrikali ya kulia. Mashine ikisukuma hewa nyingi inaongeza mzigo huohuo, kwa hiyo kila pumzi iwe mililita 4 hadi 6 kwa kilo ya uzito unaostahili urefu wake. Kwa uzito wa kilo 60 ni 240 hadi 360. Kabonidioksidi isiachiwe ipande, mwili usipoe, oksijeni isishuke: vyote vitatu hubana mishipa ya mapafu. Altrasaundi ya kupitia umio iwepo ili moyo wa kulia uonekane ukianza kutanuka kabla presha haijasema. Ikitokea, tiba ni dobutamini au milrinone pamoja na dawa ya kupandisha presha, na penye uwezo, gesi ya naitriki oksaidi. Kumwagia maji ndiyo njia ya haraka ya kumzamisha. Maji yote mezani yawe mililita 1 hadi 2 kwa kilo kwa saa, na ziada ya saa 24 za kwanza isizidi 20 kwa kilo, yaani kama lita 1.2 kwa mtu wa kilo 60. Mkojo kupungua kidogo siku hiyo si sababu ya kufungua drip.

Kwa maumivu, ganzi kando ya uti wa mgongo, upande mmoja, hushusha presha kidogo kuliko ile ya katikati ya mgongo. Diclofenac isirudi kupitia mlango wa wodi. Andikeni kwenye faili.

Siku ya pili hadi ya nne

Familia nyingi hupumua siku ya kwanza ikipita salama. Hatari kubwa iko mbele kidogo. Siku ya pili na ya tatu maji yaliyotoroka kwenye tishu yanarudi kwenye damu, na moyo dhaifu unashindwa kuyabeba. Hapo ndipo ule uzito mkavu unapofaa: apimwe kila asubuhi, na Lasix irudishwe kabla mapafu hayajaanza kukoroma. Siku hizohizo ndipo mapigo yanapovurugika. Baada ya kuondolewa lobu, mmoja kati ya watano hadi kumi hupata mapigo yasiyo na mpangilio. Potasiamu iwe juu ya 4.0 na magnesiamu isiachwe ishuke. Yakitokea, amiodarone ya mshipa kwa uangalifu, au umeme kama presha inaanguka. Diltiazem na verapamil zisitumike kwa EF kama hii; hudhoofisha msuli wenyewe.

Mshtuko wa moyo baada ya upasuaji mara nyingi hauumi, kwa sababu ganzi na dawa zimeufunika. Kwa hiyo troponin, alama kwenye damu ya msuli wa moyo ulioumia, ipimwe kila siku kwa siku mbili au tatu bila kusubiri alalamike. Na akikosa pumzi ghafla, daktari asikimbilie jibu moja: inaweza kuwa maji, nimonia, pafu lililoziba kwa makohozi, bonge la damu, mapigo, au damu inayovuja ndani huku mrija wa kifuani umeziba. Altrasaundi ya kifua kando ya kitanda hutofautisha mengi ya hayo ndani ya dakika tano.

Ninyi huko wodini mna kazi yenu. Aketishwe kwenye kiti jioni ileile au asubuhi yake, akohoe huku amekumbatia mto, apewe sindano ya kuzuia damu kuganda, na mtu wa familia asimletee uji wa lita mbili kwa huruma.

Kabla hajaruhusiwa, hakikisheni kila dawa ya moyo iliyosimamishwa ina tarehe ya kurudi iliyoandikwa: carvedilol haikupaswa kukatika, enalapril hurudi presha na figo zikitulia, kwa kawaida ndani ya siku mbili, spironolactone baada ya potasiamu kupimwa, empagliflozin akianza kula vizuri. Kliniki ya moyo iwe ndani ya siku 7 hadi 14, na eko irudiwe baada ya miezi mitatu. Daftari la uzito liende naye.